Diski ya Matanga

Mwanamke aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye meza iliyopakana na ya mama yangu, sokoni Rumonge, alikuja nyumbani kwetu asubuhi moja ya mwezi wa saba, akaketi kabla ya kukaribishwa, akasema kwamba shemeji yake anaitaka nyumba yake.

Nyumba hiyo iko Minago, juu kidogo ya barabara ya ziwani, na imezungukwa na michikichi ambayo marehemu mume wake aliipanda mwenyewe. Mama huyo alivuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini akiwa msichana, akaolewa na mtu wa Minago, akazaa naye, akamzika. Upande huu wa maji hana kaka, hana mjomba, hana hata binamu wa kuinuka na kusema neno kwa ajili yake. Alichokuwa nacho ni siku moja tu: siku ya kuondoa matanga.

Kwetu, siku ya kuondoa matanga ndiyo siku ya kusema. Ukoo husimamisha msemaji, naye hutamka mbele ya wageni wote kile alichoacha marehemu na nani atakayekishika. Wageni hulishwa na kunyweshwa kwa sababu hiyo hasa: wamekuja kuwa masikio. Anayekula chakula cha siku hiyo amekubali kuwa shahidi. Basi siku ile aliyesimama alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, shemeji huyohuyo, akatamka kwamba nyumba na michikichi ni mali ya mjane na watoto wake. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Sasa kaka mkubwa alikuwa akisema hajawahi kutamka jambo kama hilo. Na uwanja mzima ulikuwa umesahau.

"Nimezunguka kwa kila mutu," yule mama akaniambia. "Mwalimu wa shule anasema ye alisikiliza maombi tu, hotuba hakusikiliza. Jirani yangu wa mihogo, ule ambaye tunapakana, anasema kwa ile saa alikuwa nyuma ya nyumba anakojoa."

"Hotuba yote?" mama yangu akauliza.

"Yote. Kumbe alikuwa na mukojo wa ng'ombe."

Mama yangu alicheka, kisha akaacha ghafla, kwa maana sote watatu tulijua sababu ya usahaulifu huo. Kaka mkubwa anamiliki mitumbwi ya kuvulia usiku, ile inayounganishwa miwili miwili na kubeba taa. Ndagala zinazoanikwa Minago, nyingi ni zake. Mwalimu anauziwa kwa bei ya urafiki, jirani wa mihogo ana vijana wawili wanaovuta nyavu zake, na mama yangu mwenyewe hujaza meza yake kwa samaki wa bwana huyo. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu Bujumbura, nimesomea kompyuta, sina meza wala nyavu, na kwa hiyo niliweza kuwadharau watu wote hao kwa raha. Niliwadharau kwelikweli. Watu wazima, waumini, wenye kuvaa suti siku ya Bwana, walikuwa wamekula nyama ya matanga na kuumeza ukweli pamoja nayo.

"Miye nimechoka na watu," yule mama akasema. "Unifanyie kitu kimoja tu. Uende kwa ule bwana wa video. Video haiogopi mutu."

Huyo bwana wa video ana chumba kimoja nyuma ya soko, na hakuna ndoa, ubatizo wala matanga kutoka Kabezi mpaka Rumonge mjini yasiyopita kwenye kamera yake. Kaka mkubwa ndiye aliyemwita siku ile, naye ndiye aliyepewa nakala. Mjane hakupewa. Lakini fundi huyo alikuwa na desturi ya kuweka matanga yote kwenye diski yake, kwa kuwa watu hurudi baada ya miaka kuuliza nani alisema nini. Kwa hilo peke yake ningeweza kumheshimu.

Nilimkuta akila maandazi mbele ya kompyuta.

"Ile diski ya matanga iko," akaniambia. "Shida ni kwamba iko vide. Haina kitu."

"Haina kitu tangu lini?"

"Tangu juzi. Nimeiformati. Ni erreur kidogo tu, mademoiselle."

Nitaeleza jinsi kosa hilo dogo lilivyotendeka, maana sijapata kuona kosa lililoandaliwa kwa unadhifu kama lile. Fundi alikuwa na diski mbili nyeusi zinazofanana kama mayai, moja ya harusi na moja ya matanga. Zote mbili alizipa jina moja, NEEMA, na jina hilo ndilo lililotokea kwenye kioo kila alipozichomeka. Alizitofautisha kwa zamu: ya harusi huchomekwa kwanza na kupewa na kompyuta herufi ya kwanza, ya matanga hufuata na kupata ya pili. Utaratibu huo haukuandikwa popote wala kubandikwa kwenye diski yoyote. Ulikuwa kichwani mwake, na kichwa chake hakikuwa na nakala.

Kila mwaka, katikati ya kiangazi, ndugu walio Ulaya wanaporudi na kila mwenye mchumba anapokumbuka kuoa, yeye huifuta diski ya harusi ili apate nafasi. Na kabla ya kuifuta humwita shemasi wa kanisa letu aje kuviombea vyombo vya kazi. Sisemi neno juu ya maombi, maana mimi mwenyewe nasali kanisa hilohilo. Nasema tu kwamba shemasi alizishika diski zote mbili mikononi, akaomba kwa kirefu, na baada ya amina akamkabidhi fundi iliyokuwa mkono wa kulia. Fundi akaichomeka. Ilikuwa ya matanga. Kompyuta ikaipa herufi ya kwanza, ikaonyesha jina NEEMA, ikauliza kama ana hakika anataka kufuta kila kitu kilichomo. Mtu aliyetoka kuombewa dakika ile hawezi kukosa hakika. Akabonyeza ndiyo.

"Haukusoma?" nikamwuliza.

"Nisome nini? Kila mwaka inauliza ileile."

"Kwa nini zote zinaitwa Neema?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto asiyefundishwa dini. "Neema iko moja, mademoiselle."

Hapo ndipo nilipoona taa ndogo ya bluu ikimetameta ubavuni mwa kompyuta.

"Hiyo inayowaka ni ipi?"

"Ni hiyohiyo. Kwa vile imekuwa tupu, nikasema isikae bure. Naweka harusi ya jumamosi."

"Simamisha."

"Imebaki kidogo tu imalize."

"Simamisha sasa hivi, baba. Unamwaga harusi juu ya matanga."

Pengine ni ule msemo uliomtisha, si elimu yangu. Alisimamisha. Nikaiondoa diski mwenyewe, nikaishika kifuani, naye akanieleza kwa upole kwamba najisumbua bure: kazi hiyo ni ya mabingwa wa Bujumbura, na kwamba yuko mtu kule Buyenzi ambaye diski ikifa huiweka ndani ya friji usiku mmoja, na asubuhi inaamka.

"Haijafa," nikasema.

"Sasa iko nini?"

Nilijaribu kumweleza, na namweleza sasa msomaji kwa maneno yaleyale. Kuformati kwa haraka, kama alivyofanya yeye, ni kama kung'oa vibao vyote vya milangoni katika jengo kubwa. Vyumba vimebaki na watu wamo ndani. Ila kila mgeni atakayefika ataambiwa jengo lote ni tupu na anaweza kulala popote. Hatari inaanza na mgeni wa kwanza, maana akishaingia chumbani, aliyekuwamo hatoki tena. Harusi ya jumamosi ilikuwa imeanza kuingia vyumbani, na mahali fulani ndani ya jengo hilo alikuwa amesimama kaka mkubwa, akitamka yale aliyoyatamka.

"Sawa, nimeelewa," fundi akasema. "Lakini ukifika nyumbani, jaribu kidogo na friji."

Nyumbani nilinakili kwanza diski nzima, kila chembe yake, kwenye diski kubwa niliyoazima kwa rafiki wa chuo, ili ile ya asili isiguswe tena. Ilichukua muda mrefu kwa sababu ya umeme wetu, ambao huondoka bila kuaga na kurudi bila kuomba radhi. Kisha nikaweka programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea, nikaiacha ipekue nakala. Ilipomaliza, ilinirundikia video zisizo na majina, tarehe wala mpangilio. Kilichobaki kilikuwa namba tu. Hapakuwa na njia nyingine ila kuzifungua moja baada ya nyingine.

Ndivyo nilivyotazama matanga ya pwani yetu yote. Sidhani kama kuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo, na simwombei mtu afanye. Nilitazama Kabezi, nilitazama Bugarama, nilitazama nyumba za watu ninaowasalimia kila siku. Kila aliyekufa kando ya ziwa hili alikuwa mpenda amani. Hakuna hata mmoja aliyegombana na jirani wala aliyempiga mke. Walevi niliowafahamu kwa macho yangu walisifiwa kwa ukarimu. Mwanamume aliyemfukuza mama yake mzazi alilia mbele ya kamera mpaka akashikwa mabega, na mara mbili alifunua uso kidogo kuhakikisha kamera bado inamwelekea. Wasemaji walisema maneno yaleyale kwa mikono ileile, na wageni waliitikia kwa vichwa wakiwa wamekwisha kutazama upande wa jikoni. Nilianza kuelewa jinsi uwanja mzima unavyoweza kusahau. Hawakuwa wamesikiliza tangu mwanzo. Walikuwa wamehudhuria.

Habari kwamba natafuta ilifika Minago kabla sijapata kitu. Kaka mkubwa alikuja sokoni mwenyewe, amevaa kofia safi, akasimama mbele ya meza ya mama yangu nikiwa nimekaa hapo.

"Amahoro, mwanangu."

"Amahoro, mzee."

"Nasikia una mashini ya kufufua wafu."

"Wafu wako sawa, mzee. Ni walio hai ndio wamepoteza fahamu."

Akacheka, tena kwa dhati. Ni mtu mcheshi, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenitukana. Akashika ndagala kiganjani, akazinusa, akazirudisha. "Hizi za kwangu?" akamwuliza mama.

"Za kwako, patron."

"Zimekauka vizuri. Hata wiki kesho natamani uzipate vilevile." Kisha akanigeukia. "Soma, mwanangu. Kusoma ni kuzuri. Lakini usisomee ugomvi wa watu wengine."

Alipoondoka, mama yangu alipanga samaki ambao tayari walikuwa wamepangika. "Ukitaka kuacha, sitakusema," akaniambia. Nikamjibu kwa hotuba ndefu juu ya haki, hotuba nzuri, iliyojengwa vema. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimesema ukitaka," akasema. "Sijasema uache." Jirani yake wa meza, aliyekuwa ndiye mwenye kesi, alikuwa amesikia yote, naye akamfungia mteja samaki bila kuwapima.

Faili nililipata siku mbili kabla ya wazee wa mlima, kama tunavyokiita kijiji, kuketi juu ya kesi ambayo yule mama alikuwa ameipeleka kwao. Nilimtambua mjane kwa kitambaa cheupe alichozoea kujifunga. Kisha nikaona lilivyoharibika. Kaka mkubwa alikuwa ametoa hotuba mara mbili, kwanza kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili ili wageni wa upande wa mjane, waliovuka ziwa na kurudi kwao kesho yake, wapate kuelewa. Ile ya Kirundi ilikuwa imekwisha. Mahali pake paliingia bibi harusi wa jumamosi, akikata keki. Ya Kiswahili ilikuwepo, lakini picha yake ilikuwa imekufa. Iliganda kwenye kipande kimoja cha wageni walioketi chini ya hema, na haikusogea tena, huku sauti ikiendelea peke yake, safi, bila mkwaruzo.

Nilitazama ile picha iliyoganda kwa mara ya pili. Mbele kabisa, chupa mdomoni, macho yameelekezwa kwa msemaji, alikuwa ameketi jirani wa mihogo. Kandokando yake mwalimu wa shule alikuwa ameinamisha kichwa kwa makini, kama mwanafunzi wake anayetaka kusifiwa.

Wazee walikaa kwenye ua wa ofisi ya mlima, kwenye viti vya plastiki. Hao ndio bashingantahe wetu, watu wenye kazi ya kuamua magomvi ya majirani. Kaka mkubwa alipewa kiti chenye mikono. Mjane alikaa kwenye mkeka. Watu wa Minago walikuja wengi, kama wanavyokuja popote pasipotakiwa kusema kitu.

Mzee aliyeongoza kikao alimwuliza jirani wa mihogo kwa mara nyingine alichosikia.

"Miye, wazee wangu, naheshimu kikao," akasema. "Kwa ile saa sikuwa uwanjani. Ni vile tumbo lilinisumbua."

"Ulisema mukojo," mjane akamkumbusha kutoka mkekani.

"Vyote viwili vilikuwa."

Nikaweka kompyuta juu ya kiti, nikaiunganisha na spika ya kanisa, nikaigeuza kioo kiwaelekee wote. Jirani wa mihogo akatokea, chupa mdomoni. Na juu ya uso wake ikaanza sauti ya kaka mkubwa, yenye huzuni na fahari, sauti ya mtu anayejua kwamba anatazamwa:

"Mudogo wangu aliniambia mwenyewe, mukono wake ndani ya mukono wangu. Ile nyumba ni ya muke wake na watoto wake. Na ile michikichi ni yao. Miye nimesikia, na ninyi mumesikia. Mutu atakayemusumbua huyu mama, amenisumbua miye."

Makofi yakafuata, marefu. Picha haikusogea. Chupa ilibaki mdomoni muda wote wa makofi hayo.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengi. Kaka mkubwa hakuinamisha kichwa. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ni sauti yangu," akasema. "Siku ya levée ya matanga mutu anasema mengi. Moyo unakuwa laini."

"Basi iwe laini na leo," mzee akamjibu, na wazee wakainuka kwenda kushauriana. Hawakukawia. Nyumba na michikichi vilibaki kwa mjane, na mpaka wa shamba ukapitiwa siku hiyohiyo mbele ya wote.

Ningependa kusimulia kwamba aibu iliwashika watu wa Minago. Kilichowashika kilikuwa kumbukumbu. Kabla wazee hawajamaliza kupanda mche wa mpakani, mwalimu wa shule alikuwa akimweleza mtu jinsi kaka mkubwa alivyosema hata ile sehemu ya Kirundi, neno kwa neno, sehemu ambayo mimi nilishindwa kuirudisha. Mwingine akamsahihisha juu ya shati lililovaliwa. Walikuwa nayo yote. Ilikuwa vichwani mwao miezi yote ile, nzima, bila chembe iliyopotea, nami nilikuwa nimehangaika na diski. Jirani wa mihogo alimpa mjane mkono wa pongezi, akamwambia kwamba haki haifichiki. Baada ya wiki moja nilimsikia kituoni akiwasimulia abiria jinsi alivyotoa ushahidi. Kwa namna fulani alikuwa ameutoa.

Mama yangu alikosa samaki wa kaka mkubwa kwa msimu mzima, akawa anaamka mapema kwenda kuwatafuta kwa wengine. Hajanilaumu wala hajanisifu. Fundi wa video nilimnunulia plasta nyeupe, nikabandika diski zake mbili na kuandika HARUSI na MATANGA kwa kalamu nzito. Alishukuru sana. Nilipopita mwezi uliofuata, plasta zilikuwa zimebanduliwa. Aliniambia zilikuwa zinashika vumbi.

Yule mama alikuja tena nyumbani kwetu kiangazi kilipokuwa kinaisha. Safari hii alisubiri kukaribishwa. Nilidhani anataka nakala ya sauti, nikamwambia ninazo tatu, mahali patatu.

"Sauti weka weye," akasema. "Miye nataka ile picha. Ile ya chupa. Inaweza kutoka kwa karatasi?"

"Imeharibika, mama. Ina mikwaruzo, na rangi zake si nzuri."

"Sura zinaonekana?"

"Zinaonekana."

"Basi iko nzuri."

Tuliichapisha kubwa kwa fundi, naye akauliza ni nani anayetaka picha ya watu wanaokunywa. Mama akailipia na kuitia fremu yenye maua ya dhahabu, kama zinavyofanyiwa picha za harusi. Imetundikwa sebuleni mwake, ukutani mkabala na mlango. Watu wa Minago humtembelea sana siku hizi, kwa kuwa sasa ana nyumba isiyo na ugomvi na chai yake ina maziwa. Kuna viti vinne. Wageni huvigombea vitatu vinavyoipa picha mgongo, na cha nne mimi hukikuta kikiwa kitupu kila ninapofika.